Pengo la Odessa

Wimbo ulioshika redio zote za Memphis mwaka ule haukutakiwa na mtu. Ulirekodiwa ili upande wa pili wa santuri usibaki mtupu, basi. Vernita Tarver aliimba, dada yake Odessa akamwitikia, kama walivyoimba kanisani tangu utotoni. Watangazaji wakaigeuza santuri, na nchi nzima ikawa inauimba.

Sasa studio ilitaka albamu nzima ya muziki wa soul, nyimbo kumi, upesi kabla watu hawajasahau. Vernita alitaka kitu kimoja tu: Odessa awepo.

Lakini Odessa alikuwa ameketishwa. Kanisani kwao anayeimba nyimbo za dunia huondolewa kwenye kwaya na kuketishwa benchi la nyuma mpaka asimame mbele ya watu wote kuomba radhi. Vernita alishalihama kanisa, hakujali. Odessa alijali mno. Jumapili moja alisimama, akaukana wimbo ule na kuapa hatarudia. Vernita alikuwapo, akayasikia yote. Iliuma, tusidanganyane.

"Dada, wimbo mmoja tu," alimbembeleza nje baada ya ibada.

"Verni, usinitie majaribuni. Nimeapa mbele ya mama mkwe na mashemasi wote, leo hii nikitafune kiapo kama karanga?"

Jumatano wakarekodi wimbo wa mwisho bila yeye. Vernita aliimba mstari wake, kisha kwa mazoea ya miaka ishirini akanyamaza, akimngoja dada yake aitikie. Wapigaji vyombo wote walilelewa kanisani. Walijua pale pana mwenyewe, wakapiga taratibu bila kupajaza.

"Umesahau maneno, mama?" alifoka Pruitt, mkuu wa studio, kutoka nyuma ya kioo. "Tutaweka tarumbeta hapo."

"Weka, na mimi natoka."

"Watu watadhani santuri mbovu!"

"Na wadhani."

Pengo likabaki.

Albamu ilipotoka Vernita alimpelekea Odessa. Waliisikiliza jikoni wamesimama, maharage yakichemka. Wimbo wa mwisho ulipofika penye lile pengo, Odessa akafumbua kinywa, akakifumba. Machozi yakamtoka. Akainua sindano ya gramafoni.

"Hapo palikuwa pangu."

"Bado ni pako. Nimewakatalia wote."

Odessa akairudisha sindano mwanzo wa wimbo. Safari hii walipofika pale alimshika mdogo wake mkono, wakangoja pamoja mpaka pakapita.