Makofi Kilo Tano

Mwalimu Tupokigwe alifundisha darasa la pili kwenye shule moja ya msingi huko Mwananyamala. Watoto walikuwa mia na hamsini na ushee, wengine wakikaa sakafuni. "Mikono juu! Mabegani! Mdomoni!" alisema kila asubuhi, na kelele zilikoma kwa muda wa kuokota chaki tu.

Jumanne moja, katikati ya hesabu za kutoa, Apolonia wa safu ya nyuma alipaa. Mama yake alikuwa akitoka alfajiri kwenda Kunduchi kununua samaki wa kukaanga, na chai nyumbani haikupikwa kila siku. Mtoto, mwepesi kwa njaa, alinyanyuka polepole hadi kichwa kikagusa bati.

"Mwalimu, Apolonia amepaa," alishtaki Praygod, bingwa wa kelele.

"Nimemwona. Apolonia, kumi na nne toa sita?"

"Nane, mwalimu."

"Mpigieni makofi kilo mbili."

Wakapiga, akashuka hadi usawa wa ubao. Wakaongeza kilo tatu, akakaa.

Uzito ule wa makofi uliisha kila usiku, kwa hiyo kila asubuhi mwalimu alimtafutia swali. Makofi ya ovyoovyo hayakuwa na kilo yoyote. Yalitaka kupigwa kwa pamoja, na ili yaende pamoja ilibidi watu wanyamaze wasikilizane. Darasa likatulia, hata Praygod. Fimbo ikabaki ya kuegeshea dirisha, na mwalimu, aliyekuwa amechoka na ile fimbo kuliko watoto wenyewe, alimshukuru Mungu waziwazi.

Mama Apolonia alimletea samaki kwenye gazeti. "Asante, mwalimu. Siku hizi nikimbeba namsikia uzito."

"Washukuru wenzake, mama. Mie nauliza maswali tu."

Kisha ikasemwa afisa wa elimu atakuja kuangalia kama shule inahitaji uji. Mwalimu mkuu, Ferdinand, alimwita Tupokigwe pembeni. "Kesho usimpigishie makofi. Afisa amwone mtoto alivyo."

Tupokigwe alikubali. Uji ule aliutaka kwa ajili ya wote.

Asubuhi Apolonia alikuwa juu kwenye bati. Mwalimu aliuliza swali la darasa zima, na yeye ndiye aliyenyoosha kidole. "Kumi na moja, mwalimu." Lilikuwa jibu sahihi. Mwalimu alifuta ubao bila kuagiza makofi. Watoto walisubiri, wakatazamana, na bila kuambiwa wakapiga kilo tano, kofi moja safi. Afisa alipoingia, Apolonia alikuwa ameketi na wenzake, wote kimya, wanene kwa wembamba.

"Hongera, mwalimu," alisema afisa, na alimaanisha. "Darasa la mfano. Uji tuupeleke kwenye shida."

Tupokigwe alitaka kuwakaripia, akashindwa. "Asanteni, wanangu," alisema, machozi yakimlenga.

Kesho yake uji haukuja. Apolonia alikuwa juu, kidole amenyoosha, na darasa zima limeshaweka viganja tayari likisubiri swali.