Mzee Zeligman na Siku ya Harusi Yangu

Kufikia Machi 1971, mimi na Joash tulikuwa wachumba mwaka mzima, na aliyetuzuia kuoana alikuwa Mungu. Si Mungu mwenyewe, kwa maana sikuwahi kumsikia akilalamika. Ni baba zetu wawili waliojitolea kumsemea.

Baba yangu, Mzee Zadock, alikuwa mzee wa kanisa linalosali Jumapili. Baba yake Joash, Mzee Shem, alikuwa mzee wa kanisa linalosali Jumamosi. Wote walitoka Bungoma, wote maseremala, wote wakazi wa mtaa wa Kabiria, na kwa mambo mengine yote walielewana vizuri. Lakini Baba alishikilia kwamba watu wenye heshima zao hufunga harusi Jumamosi. Mzee Shem akajibu kwamba harusini siku ya Sabato ataletwa akiwa maiti. Akapendekeza Jumapili, na Baba akamuuliza kama Bwana aache kuabudiwa ili watu wale pilau. Siku za kazi hazikukubaliwa. Harusi ya siku ya kazi, walisema kwa sauti moja, ni ya watu wenye jambo la kuficha.

Sasa, mimi nilikuwa na jambo la kuficha. Gauni la harusi lililokuwa limening'inia kabatini tangu mwaka uliopita lilikuwa limeanza kunibana kiunoni, na chapati hazikuhusika. Joash alijua. Wazee wetu hawakujua, na siku wakijua, makanisa yote mawili yangewavua uzee kabla ya chakula cha mchana, kwani hapo angalau madhehebu yao yaliafikiana. Nilikuwa silali.

Nilikuwa karani katika maktaba moja katikati ya jiji. Kila Alhamisi jioni tulikuwa na mihadhara juu ya historia na utamaduni wa Wayahudi, na mhadhiri alikuwa Mzee Zeligman wa Hurlingham, Myahudi aliyeuza vitanda vya chuma maisha yake yote mpaka alipostaafu. Elimu hii ilikuwa imevutia umati wa watu wawili: mama mmoja Mwingereza wa Spring Valley, aliyekuja kufuma sweta, na Bwana Muchiri wa ofisi ya jirani, aliyekuja kwa ajili ya biskuti.

Kosa langu lilikuwa kulitaja jambo hilo nyumbani.

"Myahudi?" Baba akaweka kikombe chini. "Myahudi kabisa? Wa damu?"

"Wa damu, Baba. Anakaa Hurlingham."

"Na unanyamaza tu! Huyo ndiye atatuamulia. Sabato ilianzia kwao."

Alhamisi iliyofuata nusu ya Kabiria iliingia maktabani na suti na kofia. Kanisa la Jumapili likakaa kushoto, la Jumamosi kulia, na katikati wakaacha njia pana ili imani zisigusane. Biskuti zikaisha kabla Bwana Muchiri hajanyoosha mkono.

Mzee Zeligman alipouona ukumbi umejaa, macho yakamlowa. Maskini, alidhani wamekuja kusikia habari za babu yake, aliyeuza samaki wa chumvi huko Lithuania. Akazisimulia kwa saa nzima, kwa Kiswahili chake cha dukani, na watu wangu wakavumilia samaki kwa adabu kubwa. Kisha akauliza kama kuna swali. Baba alikuwa ameshasimama.

"Mzee, mimi naitwa Zadock. Swali yangu ni moja tu. Nyinyi watu wa Musa, harusi munafanya Jumamosi?"

"Jumamosi?" Mzee Zeligman akashtuka. "Hapana! Hiyo Sabato. Hata moto hatuwashi."

Upande wa kulia ukalipuka kwa haleluya. Mzee Shem akampungia Baba kofia, jambo ambalo halikuwa la lazima.

"Kwani sisi ni Wayahudi?" Baba akafoka. Yeye aliyetuleta pale!

Mzee Zeligman hakuelewa amefanya nini, lakini alikuwa ameuza vitanda kwa watu waliooana, na ugomvi wa wakwe aliutambua. Akainua mikono. "Wazee, pole. Ngojeni. Kwetu siku nzuri ya harusi ni Jumanne. Mungu akiumba dunia, siku ya tatu aliona kazi ni njema mara mbili. Siku ingine, mara moja tu. Kwa hivyo siku ya tatu iko na baraka mbili. Mimi na marehemu mke yangu tulioana Jumanne."

Nilimtazama Joash kando ya mlango, naye akanitazama. Jumanne haikuwa ya mtu yeyote. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nikavuta pumzi, kwa kadiri kiuno kilivyoniruhusu.

"Siku ya tatu ni Jumatatu," akasema Baba. "Jina lenyewe linasema."

"Jumanne," akasema Mzee Shem. "Hesabu kutoka Jumapili."

Baba hakuwa mjinga. Akikubali kwamba Jumanne ni ya tatu, basi Jumamosi ni ya saba, na Shem ameshinda kesi nzima. "Mimi nahesabu kutoka Jumamosi," akasema.

"Basi ya saba ni Ijumaa! Twende msikitini, Mzee Zadock?"

Pande zote mbili zikasimama. Hesabu za vidole zikaanza, kila mtu na vidole vyake. Mzee Zeligman akakaa kitini, mikono kichwani, na mama Mwingereza akakusanya nyuzi zake. Hasira ikanipanda. Nikaenda mbele, nikapiga meza.

"Hizo baraka mbili," nikasema, "mimi nazitaka zote. Ndani ya gauni langu tuko wawili."

Mama Mwingereza, ambaye siku zote alidai hajui Kiswahili, akaangusha sindano. Nilimwona Baba aibu imempanda usoni, na kwa mara ya kwanza jioni ile nikaogopa kweli. Nampenda baba yangu. Joash akaja akasimama karibu nami, akanishika mkono mbele ya makanisa yote mawili.

Mzee Shem ndiye aliyekohoa.

"Mzee mwenzangu," akasema taratibu, "ni Jumanne hii, ama ile ingine?"

Baba akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi lisilokuwepo.

"Hii," akasema. "Na mtu asiniulize ni siku ya ngapi."