Kopo la Bi Simu

Kompyuta ililia ti, mara moja, chini ya kitambaa chake cha kufuma. Nje bado giza. Bi Sindano, aliyepewa jina hilo kwa miaka yake ya cherehani, akavaa miwani, akasoma alichoandikiwa na wifi yake: "Nimeamka salama. Mvua imenyesha usiku kucha."

Akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Mvua gani? Uani vumbi tupu, na wifi anakaa mtaa wa pili tu.

Wajane hawa wawili walikuwa na desturi yao: kila alfajiri, saa kumi na moja, kila mmoja amjulishe mwenzake kwamba kaamka. Mpango aliutengeneza Bi Simu, wifi mtu, aliyestaafu baada ya miaka thelathini kwenye mitambo ya simu. Kwa kuwa huamka mapema na hapendi kukaa akisubiri saa, aliiandikia programu yao ya maongezi amri chache. Alimweleza Bi Sindano taratibu, wala hakumcheka alipouliza mara ya nne. Unachukua kopo, ndivyo alivyoiita nafasi ya kuwekea maneno ndani ya mashine, unalipatia jina, na jina linaanza na alama ya asilimia. Lake aliliita %hali. Akiamka anatia humo maneno ya siku hiyo, saa ikifika mashine inayatuma. Na ukimwandikia hujambo, mashine inakujibu kwa yaleyale, hata akiwa jikoni.

"Na siku usipotia kitu?" Bi Sindano aliuliza.

"Litabaki na ya zamani. Lakini mimi nimeanza lini kukosa la kusema?"

Walicheka, yakaisha.

Sasa Bi Sindano alirudi nyuma kwenye ujumbe wa jana. Mvua imenyesha usiku kucha. Wa juzi, vilevile. Juzi mvua ilinyesha kweli. Jana alisoma juujuu, akaenda zake kuchemsha chai.

Akaandika kwa kidole kimoja: "Hujambo, wifi?"

Ti. "Nimeamka salama. Mvua imenyesha usiku kucha."

Akarudia. Jibu lilelile, upesi mno, mkono wa mtu hauwezi. Akaandika tena, bila neno hujambo: "Wifi, usinitanie. Niambie nilikuwa nimevaa nini ulipokuja Jumapili."

Kimya.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Hapo akajua kwamba tangu jana alikuwa akizungumza na kopo.

Alitoka na viatu visivyofanana. Barabarani alimkuta muuza maziwa, akamweleza huku ulimi ukimgongana. Yule bwana hakuuliza mara mbili. Aliyaacha makopo yake ya maziwa ukutani pasipo mlinzi, akamshika mkono kwenye mitaro, na walipofika akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka.

"Wifi?"

Chumbani taa ya kompyuta ilikuwa ikiwaka, kiti kitupu. Bi Sindano alisimama hapo. Aliogopa mlango wa bafu kuliko kitu chochote alichowahi kukiogopa.

Muuza maziwa akatangulia kwa ajili yake.

"Mama, anapumua," akasema.

Bi Simu alikuwa sakafuni tangu jana alfajiri, nyonga imevunjika, midomo imepasuka. Alimtazama wifi yake, akajaribu kusema. Sauti haikutoka.

Siku ya nne, wodini, sauti ya Bi Simu ilikuwa imerudi, na ulimi wake wa utani pia. Bi Sindano akamweleza kwamba alifungua daftari ambamo mwenzake aliandika maelezo ya amri, akaongeza moja kwenye kompyuta yake, jasho likimtoka: kopo likishatuma tu, linajifuta. Lisipojazwa, mashine inakaa kimya, naye atakuja mbio.

"Wewe? Na sindano zako hizo?"

"Nimeshona magumu zaidi ya hayo."

Bi Simu alicheka kidogo, akashika upindo wa nguo ya wifi yake, hakuuachia. Kengele ya kuondoka wageni ilikuwa imeshalia.

"Kopo liache," akasema. "Kesho njoo tena. Njoo mwenyewe."