Udongo Uliovishwa Mabua

Kwa kina Wayua, mahindi yakishavunwa shamba huwa la kila mtu. Ng'ombe wa jirani wanaingia bila hodi, wanakula mabua hadi udongo unabaki uchi, na hakuna anayesema kitu. Kufukuza ng'ombe wa mtu kwenye mabua ni kama kumnyima mtu maji ya kunywa.

Lakini mwaka huu Wayua alimwomba mama yake kipande kimoja tu, pale chini ya mtaro na tuta lake. Hakitalimwa. Mabua yatalazwa yafunike udongo, halafu mvua ya Novemba ikikaribia atachimba mashimo ya mbegu, basi.

"Sawa," mama alisema. "Mabua ikifika Novemba, hiyo kipande ni yako. Ikiliwa, naita plau ilime yote."

Mchana huo mama alikuwa ameenda sokoni Kithimani kuuza ndengu. Wayua aliketi kando ya mabua yake akiyasikiliza yakinong'ona. Joto lilikuwa linacheza mbali huko, vilima vinaelea kama vimeng'olewa, na yeye akaona udongo umelala chini ya blanketi, unaota mvua, unageukia upande wa pili, unakoroma kidogo.

Kumbe waliokuwa wanakoroma ni ng'ombe. Watano, na nyuma yao jirani, Baba Kavata, fimbo mabegani.

Wayua akainuka. Yeye hata darasani jibu akilijua hulimeza. Basi akafanya kitu ambacho hata mwenyewe hakukielewa: akajilaza juu ya mabua, akanyoosha mikono.

Ng'ombe wakasimama. Mmoja akamnusa nywele.

"Asi! Wayua! Wewe ni mgonjwa?"

Akatikisa kichwa.

"Sasa mbona umelala kwa chakula ya ng'ombe yangu? Ama unataka nikukamue?"

"Sio chakula," alisema, sauti kama ya mbu. "Ni nguo."

"Nguo ya nani?"

"Ya udongo."

Baba Kavata akacheka hadi kofia ikaanguka. "Na hii suruali yangu imeraruka, mbona hujanivisha mimi?"

Wayua hakucheka. "Weka mkono, Baba Kavata. Hapa chini."

Baba Kavata akachuchumaa, akaingiza mkono. Kicheko kikaisha polepole. Nje mchanga ulikuwa unachoma nyayo, lakini huko chini kulikuwa na ubaridi, kama chini ya mtungi.

"Nani amemwaga maji hapa?"

"Hakuna mtu. Ni ile ya mvua. Haijaenda."

"Na ng'ombe yangu itakula nini, mwiitu, msichana wangu?"

"Huko juu ya mtaro mabua iko mingi. Lakini hapa, hapana."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu mzima neno hilo. Lilimtoka refu, kama wimbo.

Baba Kavata akapiga mluzi. Ng'ombe wakapanda mtaro mmoja mmoja, wakaingia kwenye joto lile linalotetemeka, hadi miguu yao ikawa haionekani tena. Yeye alibaki amechuchumaa, mkono bado chini ya mabua, kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta.