Jumamosi ya Bernadeta

Mke wangu Bahiya aliipanga siku ya mgeni wake kwa kutumia bidhaa za dukani. Ilikuwa baada ya alasiri, wateja wamepungua. Akavuta kiberiti, mche wa sabuni, pakiti ya majani ya chai na kopo la maziwa, akavisambaza juu ya kaunta yetu pale Chang'ombe.

"Hiki kiberiti ndiyo sisi," akasema. "Sabuni ni TAZARA, pale magari yanapopita juu ya magari. Majani ya chai ni kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kopo ni Makumbusho ya Taifa. Chumvi ni Coco Beach."

"Chumvi sijaiona."

"Iko nyuma yako, Baba Yumna. Nipe."

Nikampa. Akaongeza ngano kwa ajili ya wachongaji wa Mwenge, na biskuti kwa ajili ya daraja la Tanzanite, maana alitaka warudi mjini kwa njia ya baharini. Kaunta ilijaa mpaka mteja aliyekuja kununua sukari akauliza kama tunahesabu mali.

"Na Feri, soko la samaki?" nikamuuliza.

"Mtu anakaanga samaki maisha yake yote, nimpeleke akaone samaki?"

Huyo mkaanga samaki ni Bernadeta, mwanamke wa Kimakonde mwenye banda la chakula kando ya barabara kule Somanga, Kilwa. Mwaka ule mvua zilipoikata barabara ya kusini, Bahiya alikuwa anarudi kutoka Lindi kwenye msiba wa shangazi yake. Basi lao likakwama upande wa pili wa maji. Abiria wengine walilala ndani ya basi. Bahiya alikuwa na homa, na Bernadeta, ambaye hakuwa anamjua hata kwa jina, akamshika mkono akampeleka kwake, akamlaza kwenye kitanda chake na yeye akatandika mkeka chini. Homa iliposhuka, barabara bado haipitiki, alimwona mgeni wake amekaa anawaza nyumbani. Akafunga banda, akamtembeza. Alimwonyesha kisima, shule, mikorosho ya marehemu mumewe, pwani wanakoanika dagaa, msikiti na kanisa. Bahiya aliporudi alinisimulia Somanga kama watu wanavyosimulia Maka. Tangu hapo hawa wawili husalimiana kwa simu kila wiki, wanaitana shoga.

Sasa Bernadeta alikuwa anakwenda Morogoro, mkwewe amejifungua. Angefika Dar Ijumaa jioni, na Jumapili asubuhi angepanda treni. Katikati ilibaki Jumamosi peke yake.

"Siku moja haitoshi vyote hivi," nikamwambia, nikiangalia kaunta.

"Ndiyo maana lazima tuijaribu kwanza," akasema.

Nilidhani anatania. Jumatano asubuhi nikamkuta amevaa baibui lake zuri, amesimama mlangoni na ufunguo wa kirikuu mkononi. Kirikuu ni kile kigari kidogo cha mizigo tunachochukulia bidhaa Kariakoo. Duka hili alilifungua baba yangu, na sikumbuki kulifunga siku ya kazi isipokuwa kwa msiba. Majirani walipoona makomeo, simu zikaanza kuita, wanauliza nani amefariki.

Tukaenda TAZARA kwanza, kinyume kabisa na mjini, kwa sababu Bahiya alitaka tupande barabara ya juu, tushuke, tugeuze, ndipo turudi. Nikamwambia tunachoma mafuta bure. Akasema mgeni akianzia juu atauona mji umelala mbele yake, na kweli, tulipofika juu jua lilikuwa limeshapanda, mabati ya viwanda yanang'aa mpaka mbali, nami nikasahau mafuta.

Nimezaliwa mji huu, lakini siku ile nilikuwa namwangalia mke wangu zaidi ya mji. Pale kaunta namjua kwa kupima mchele na kujibishana na wauzaji wa jumla. Sikujua kama ni mtu wa kumsimamisha mlinzi wa makumbusho na kumuuliza vyoo viko upande gani, na kama kuna benchi la kivulini kwa mgeni wake mwenye goti bovu. Alilikalia benchi lenyewe, akahama kidogo, akakalia tena. Pale kanisani, mie nilibaki garini. Yeye alikwenda hadi mlangoni na baibui lake, akaongea na mama mmoja aliyekuwa anapanga maua.

"Nimemwambia nina mgeni Mkristo," akanisimulia aliporudi. "Nimeuliza saa ngapi kunakuwa kimya, aweze kukaa asali bila kusukumwa. Kanambia asubuhi, kabla ya watu wa harusi."

"Umeingia ndani?"

"Nimechungulia. Madirisha yana vioo vya rangi, sakafu yote imejaa rangi. Bernadeta atapenda."

Coco Beach alionja mihogo ya wauzaji watatu kabla ya kuchagua mmoja, na yule mmoja akamwambia aje Jumamosi amwekee ya katikati, isiyo na nyuzi. Tulirudi magharibi imekaribia. Nilikuwa nimechoka, lakini nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeitafuta. Tangu harusi ya Yumna, binti yetu, hatukuwa tumekaa siku nzima pamoja bila mteja katikati yetu.

Bernadeta akafika Ijumaa, mrefu, mkavu, anachechemea kidogo, na ndoo ya korosho kichwani. "Shemeji," akanishika mkono kwa mikono yake miwili, "nilikuwa nakusikiaga kwenye simu unakohoa. Leo nimekuona." Wakakumbatiana na Bahiya pale uani.

Jumamosi tukanywa chai mapema kwa vitumbua. Tukatoka nje wote watatu, Bahiya na flaski, Bernadeta na kitenge kipya na kindoo cha korosho, mie na ufunguo. Nikafungua mlango wa dereva. Bahiya akafungua wa upande wa pili. Bernadeta akasimama anasubiri aonyeshwe pa kupanda.

Kirikuu ina viti viwili.

Tulikuwa tumejaribu benchi, tumejaribu mihogo, na wote wawili hatukuhesabu makalio. Nikasema nitafute bajaji. Bahiya akatazama gari, akamtazama mgeni wake, akazunguka mbele ya boneti mpaka nilipo.

"Nipe ufunguo."

"Mama Yumna, hujaendesha tangu nilipofanyiwa upasuaji."

"Na kipindi kile nani alikuwa anakwenda Kariakoo? Leseni ninayo, hai."

Bernadeta akauliza taratibu, "Shoga, unaendesha gari?"

"Naendesha."

Bernadeta akapanda, akafunga mlango, akakaa wima kama amepanda ndege. Gari likazimika mara mbili. Mara ya tatu likaondoka, nami nikabaki barabarani nimeshika flaski waliyoisahau.

Asubuhi ile niliuza vibaya. Nilimpa mtu chumvi badala ya sukari. Simu ilipoita nilikaribia kuidondosha.

"Tuko TAZARA," akasema Bahiya. Nyuma yake niliwasikia watu na honi. "Tumepita juu mara mbili. Kasema turudie."

Baadaye akapiga akiwa nje ya kanisa, anaongea chini chini. Bernadeta alikuwa ndani muda mrefu, amekaa pale rangi zinapoangukia, na Bahiya hakutaka kumharakisha. Makumbusho wakaenda wamechelewa. Benchi lilikuwa na watu, wakakaa kwenye majani. Kila aliponipigia sauti yake ilikuwa changa zaidi. Nikaanza kumjibu huku natabasamu, wateja wananishangaa.

Simu ya adhuhuri ilikuwa nyingine. "Baba Yumna, tuko Mikocheni. Moshi unatoka mbele."

"Umezima?"

"Nimezima. Naona mpira wa rejeta umepasuka."

Nikafunga duka, nikapita kwa wauza vipuri wa mtaani kwetu nikanunua mpira, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilimfikiria Bahiya amesimama kando ya barabara kuu anapungia magari, na yule mama na goti lake kwenye jua.

Nikawakuta kwenye uchochoro wa magereji, mafundi walikolisukumia gari, wamekaa kwenye mbao chini ya turubai, katikati ya mafundi. Ndoo ndogo ya korosho ilikuwa inazungushwa. Fundi aliyeitwa Valerian alikuwa ameshakata mpira wa gari jingine na kuufunga kwenye letu, anajaza maji. Kumbe kwao ni Masasi, na Bernadeta alishagundua kuwa anamjua mama yake mdogo. Jirani yao kijana alikuwa anachomelea geti la chuma, cheche zinaruka, na Bernadeta alikuwa amekunja macho, hataki kuacha kuangalia.

"Shemeji, karibu," akaniita kama pale ni kwake. "Mjini nimeona majumba. Hapa naona watu wanaoyatengenezea milango. Huyu kaanza na vyuma vitupu nikiwa nimekaa hapa, tazama sasa, ua limetokea."

Bahiya akanivuta pembeni. Kilemba kilikuwa kimelegea, mikono ina grisi, na macho yalikuwa yameanza kulowa.

"Nimemharibia siku," akasema. "Mwenge hatufiki tena. Yeye alinionyesha kijiji chake chote, mie nimemkalisha gereji."

Bernadeta masikio yake ni mazima. Akajiinua taratibu, akaja mpaka tulipo.

"Shoga, nisikilize. Mie nakaa Somanga naona mabasi. Kila siku watu wanashuka, wanakula, wanapanda, wanaondoka, nabaki na sahani. Leo mie ndiye niliyemo kwenye gari, tena linaendeshwa na rafiki yangu. Kuna mahali nimekwambia nimechoka?"

"Hujasema."

"Nimesema nini, basi?"

Bahiya akafuta macho kwa mkono, grisi ikabaki shavuni. "Umesema turudie."

"Haya. Bado kuna mihogo. Uliniambia kuna mihogo."

Nikataka kurudi na bodaboda. Bernadeta akakataa, akasema hawezi kula mihogo ya shemeji yake huku shemeji hayupo. Valerian akapiga mkono kwenye bodi la nyuma. "Mzee, panda hapa. Kuna magunia humu, ni laini." Nikapanda. Mfanyabiashara mwenye mvi, kofia kichwani, nikawa tandiboi wa mke wangu, mtu wa kupakia na kushusha mizigo.

Karibu na Msasani trafiki akatusimamisha. Akaangalia leseni, akaja nyuma, akaniangalia na mie kwa muda.

"Mama, huyu ni nani?"

"Tandiboi wangu," akajibu Bahiya, hana hata chembe ya kicheko.

Yule askari akaniuliza, "Ni kweli, mzee?"

"Kweli, afande. Leo ndiyo nimeajiriwa."

Akamrudishia leseni, akamwambia aende taratibu, mizigo ya namna hii huvunjika.

Mihogo tuliikuta. Yule muuzaji alikuwa ametuwekea ya katikati, moto, yenye pilipili na ndimu, tukaila tumesimama mchangani. Bernadeta hakuzungumzia bahari hata kidogo, bahari anayo kwao. Alikuwa anaangalia watu: mabinti waliopanga foleni ya kupigana picha, mzee aliyekuwa anajifunza kuendesha baiskeli huku mjukuu amemshikia tandiko, wavulana waliokuwa wanacheza singeli bila viatu. "Wengi hivi," akawa anasema, "na kila mmoja ana kwao."

Tukarudi mjini kwa daraja la Tanzanite. Mie nimekaa kwenye magunia, mgongo umeegemea kebini ya dereva, kwa hiyo nililiona daraja likitokea chini ya miguu yangu na kurefuka nyuma yetu, nguzo kwa nguzo, na Oysterbay ikipungua taratibu kwenye mwanga wa jioni. Upande mmoja maji, upande mwingine mikoko, na watu wanakimbia mazoezi pembeni. Nimevuka pale mara nyingi macho yakiwa mbele, kwenye foleni. Sikuwa nimejua kuwa ni zuri hivyo.

Kwenye kebini kulikuwa na kidirisha kimefunguliwa. Niliwasikia wanacheka. Kisha Bernadeta akauliza kitu, na Bahiya, ambaye asubuhi alizimisha gari mara mbili, akaanza kumweleza jengo moja moja mbele yao, lipi ni lipi, kwa sauti ya mtu aliyelijenga.