Kilo za Mama Vidonge

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda bwawani, mfamasia alipanda kwenye mizani ya wateja dukani kwake, kati ya kabati la dawa za kikohozi na friji. Jumapili hiyo hakukuwa na jani lililotikisika nje. Mshale ulisogea kidogo, ukasimama kwenye kilo sita. Alizima feni ya dari isije ikamsogeza, akavaa kofia, akafunga duka.

Mumewe alikuwa garini, mkono juu ya honi.

"Ngapi leo?"

"Sita."

"Safi sana! Leo tutateleza kama sabuni bafuni."

Mfamasia ndiye aliyetangulia kujiunga na klabu ya matanga. Katika viboti vya wanagenzi alijifunza kuusoma upepo kwenye mikunjo ya maji, kubisha, yaani kuukabili upepo kwa mshazari, mpaka boya la juu, na kujizuia nyuma ya mstari wa kuanzia ili king'ora kikilia mashua iwe tayari inakimbia. Kocha alisema hajaona mkono mwepesi kama wake kwenye kana, ule mti wa kuongozea usukani. Mumewe, wakala wa bima, akaja kuangalia mkewe anapotelea wapi Jumapili. Mchezo ukamkolea. Akanunua mashua ya watu wawili.

Kwa desturi ya klabu, mwenye mashua ndiye anayeshika kana. Mwenzake huvuta tanga dogo la mbele na kuutoa mwili wake uwe uzito: upepo ukizidi, hulala nje ya ubavu ili mashua isipinduke, ukipungua, hujikunyata ndani asiwe mzigo.

"Msimu mmoja tu," mume alisema. "Ukiisha, kana ni yako."

Upepo ulipovuma alimfokea: "Kuwa mzito, mama watoto! Mzito!" Ulipotulia alimfokea: "Unatuzamisha, kuwa mwepesi!" Mfamasia aliyameza yote, na Jumapili moja ya upepo mkali mwili wake ukatii. Mashua iliyokuwa imelala ubavu ikasimama wima. Dukani, mizani ilisoma kilo mia na arobaini, na gauni lake lilimkaa vilevile. Juma lililofuata upepo ulikufa, naye akatoka garini kwa kushikilia mlango, kama mtu anayeogopa kuelea.

"Bwana Bima!" jirani alipaza sauti toka mashua ya pili. "Umeoa mke au nanga?"

"Nanga inazuia, ndugu yangu. Hii yangu inakimbiza!"

"Mama Vidonge, na mimi niuzie hizo dawa!"

Wapinzani wakacheka, wakashindwa. Bwana Bima alitwaa mbio baada ya mbio hadi msimu ukaisha.

"Sasa kana," mfamasia alimwambia wakikunja tanga.

"Mke wangu, tunashinda! Usiache mbachao kwa msala upitao."

Ndipo akaenda mbele ya kamati ya klabu kudai ahadi yake. Aliwakuta wapinzani wameshafika kulalamika juu ya kilo zake. Upepo ulikuwa unapiga madirisha, na mbao za sakafu zilipinda chini ya viatu vyake. Mwenyekiti, hakimu mstaafu, alisikiliza pande zote huku akikoroga chai.

"Uzito unaofuata mahitaji ya mashua ni kifaa cha mashua," aliamua. "Kifaa ni halali, mradi kikae na mashua yake toka mbio hadi mbio. Kikienda nyumbani, nani ajuaye kimefanyiwa nini huko?"

"Na kana?"

"Kifaa hakishiki kana, mama. Hilo halina mjadala."

"Kesho nina duka la kufungua."

"Si una msaidizi?"

Wapinzani waliridhika, walichotaka ni sheria. Kocha, aliyekuwa mjumbe wa kamati, aliomba neno moja tu: turubai la kufunikia mashua litobolewe matundu ya hewa. Wakakubali kwa kauli moja, na matundu yakatobolewa jioni ileile.

Mumewe alimsaidia kupanda mashua, iliyokuwa juu ya toroli lake ukingoni mwa bwawa. Mfamasia alijilaza sakafuni mwa mashua, kichwa karibu na mlingoti, akakunja magoti ili turubai lipite.

"Angalau wamekuhalalisha," mume alisema, akikaza kamba moja baada ya nyingine. "Wangeweza kukufungia kabisa."

"Kaza taratibu," alisema. "Hiyo inanibana shingoni."

Akailegeza kidogo. Kisha akachomoa usukani pamoja na kana yake, maana vitu vya thamani haviachwi bwawani. Akauviringisha kwa blanketi usichunike, akaulaza kwenye kiti cha mbele cha gari na kuufunga mkanda.

"Jumapili, saa tatu," alisema.

Gari liliondoka. Upepo ulipanda toka upande wa bwawa, na chini ya turubai mfamasia akaanza kuwa mzito. Magurudumu ya toroli la mashua yalizama kwenye tope polepole, mpaka mhimili ukagusa ardhi.