Jua la Katoomba

Katika familia yetu mimi ndiye mtabiri wa hali ya hewa. Hakuna aliyenichagua. Nilipofika Rooty Hill Oktoba iliyopita, kila mtu kwenye kundi letu la WhatsApp alikuwa na la kusema, na mimi naona aibu hata kutuma sauti. Basi kila asubuhi, nikisubiri treni ya kwenda kazini, natazama simu na kuwatumia picha: jua, wingu au mwavuli. Hiyo ndiyo salamu yangu. Wameizoea. Mama Honorine, mdogo wa marehemu mama yetu, siku hizi hafui nguo bila kuniuliza.

Ndiyo maana dada yangu Bénie alinigeukia mimi kuhusu picha za harusi yake.

Harusi ilikuwa Juni. Kwetu Fizi, na hata Nyarugusu, kambi ya wakimbizi tulikokulia, Juni ni kiangazi, na mwenye akili huolewa kiangazi, matope yasimharibie gauni. Tumehamia upande wa pili wa dunia, ambako Juni ni majira ya baridi, lakini kalenda tumekuja nayo. Baba amebaki kambini. Alinyimwa viza, na hakuomba chochote ila picha moja.

"Mpigwe mkiwa na milima nyuma yenu," alisema. "Nione kama inafanana na ya kwetu."

Mpiga picha, Mkenya wa Parramatta aitwaye Mugambi, alikuwa na Jumamosi moja tu iliyobaki kabla ya harusi. Alitwambia tuchague: tupande Katoomba, juu milimani, au tubaki huku tambarare tupige bustanini. Huko juu kukiwa na ukungu, alisema, mzee ataona ukuta mweupe na watu wamesimama mbele yake.

"Sitaki kumtumia Baba bustani," Bénie aliniambia. "Nella, tazama vizuri."

Nilitazama vizuri. Rooty Hill: wingu, na jua linachungulia nyuma yake. Katoomba: jua zima, la manjano, tangu asubuhi hadi jioni. Chini ya jua hilo kulikuwa na 7, kisha 1 yenye kistari mbele yake. Kistari nilikidhania pambo. Niliacha shule darasa la tano. Kutoa nilifundishwa, lakini siku zote kulikuwa na kitu cha kutolea. Maneno yaliyofuata yalikuwa Kiingereza kirefu, nami nasoma picha. Nimekulia mahali ambapo jua likiwaka unatafuta kivuli. Halikunijia wazo kwamba jua linaweza kuja kazini na lisifanye kazi.

Nikatuma majua matano. Kisha, kwa kuwa nilijiona mtaalamu, nikaandika: "Milimani jua litakuwa kali kuliko hapa, kwa sababu kule ni karibu nalo." Hilo la mwisho lilitoka kichwani mwangu, na ndilo lililosifiwa zaidi.

"Tubebe majaketi?" Bénie aliuliza.

Mama Honorine akajibu kwa sauti, maana yeye haandiki. "Ya nini? Sare haifunikwi. Mtu ananunua kitenge, anashonesha, halafu anakivalia jaketi kama mlinzi wa ghala? Nella amesema jua."

Jumamosi tuliingia watano kwenye gari la Mama Honorine: yeye, Bénie, mimi na binamu zetu wawili. Fundi alikuwa ametubana mpaka tukawa tunapumua kwa zamu. Mabega yalikuwa nusu wazi. Njiani joto la gari lilitudanganya, na jua lilikuwa dirishani muda wote. Jua lilikuwepo. Naomba hilo likumbukwe.

Mugambi alikuwa ametutangulia pale ukingoni mwa genge la mlima. Alivaa kofia ya sufu, glavu, na jaketi lililomfika magotini.

"Majaketi mmeacha kwa gari?" aliuliza dirishani.

"Tuna jua," alisema Mama Honorine, akafungua mlango.

Upepo uliingia kabla yeye hajatoka. Aliganda na mguu mmoja nje. Lakini ni mtu wa heshima zake, akautoa na wa pili.

Milima ilionekana yote. Hapakuwa na ukungu hata kidogo. Safu nyuma ya safu, buluu, mpaka macho yanachoka. Bénie aliitazama akanong'ona, "Inafanana." Baada ya hapo midomo yake haikufungana tena.

"Dada, cheka kidogo," alisema Mugambi.

"Ninacheka."

"Hapana, unatetemeka meno." Alituonyesha kwenye kamera. Tulikuwa kama watu waliokamatwa usiku kwenye mpaka. "Aki ukimtumia mzee hii, atauliza mmetekwa na nani."

Bénie alirudi garini akajifungia. Tulipomfuata alikuwa ameinamisha kichwa. "Tushuke tukapige bustanini," alisema. "Baba nitamwambia milima ilikuwa imefungwa."

Mama Honorine alinigeukia taratibu. "Nella mwanangu, hili jua lako ni la kutazama tu?"

Ningeingia chini ya kiti, ila nafasi haikuwepo. Nikasema, kwa ile sauti yangu ambayo huwa wananiomba niirudie, "Tumepita duka la mitumba."

"Sare haifunikwi."

"Tuvae ndani."

"Ndani wapi? Fundi ameacha ndani?"

 Kisha mwenyewe akashusha kioo. "Mugambi, hiyo kamera inaona mgongo?"

"Inaona pale nailekeza, mama."

Mama Honorine alitoa mkasi mkobani na kunipa mgongo wake. "Kata," alisema. "Pole pole. Hiki ni kitenge cha Uholanzi."

Baada ya kukata migongo yote mitano, dukani tuliokota vizibao vya sufu, vile visivyo na mikono wanavyovaa babu wa Kizungu, viwiliviwili kila mtu, na suruali nzito za kuvaa chini ya vitenge. Kimoja cha Bénie kilikuwa na picha ya kondoo. Kwa mbele tulikuwa mabibi wa harusi. Kwa nyuma tulikuwa mizigo iliyofungwa kwa pini, na watalii waliokuja kutazama milima walianza kututazama sisi.

"Sasa mnakaa kama watu," alisema Mugambi. Machozi tu hakuweza kuyaondoa. Upepo uliyachuruza; tukiyafuta, yanarudi.

Jumapili baada ya ibada tulimpigia Baba, picha zikiwa zimeshamfikia.

"Nimeiona milima," alisema. "Inafanana, ila yenu imekatwa vichwa. Na mmenenepa. Honorine, umekuwa kama mke wa gavana."

"Ni neema ya Mungu, shemeji," alijibu Mama Honorine bila kupepesa.

Kisha Baba akauliza, "Lakini mbona mnalia? Bénie amejaa machozi, na Nella pia. Huyo mwanamume anayemwoa ni mtu mzuri? Msinifiche."

 Wote wakanitazama, kwa kuwa mambo ya upepo ni yangu. Neno lilikuwa moja tu, upepo, na lilikuwa kweli. Nikaichukua simu.

"Mwanamume ni mzuri, Baba," nikasema. "Ni kwamba wewe hukuwepo."

 Nilidhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia anapenga kamasi.

"Basi," alisema. "Basi, wanangu. Nitaibandika ukutani."

Bénie alikuwa analia sasa, sebuleni, madirisha yamefungwa, na Mama Honorine amemshika. Mimi nilibaki na simu sikioni ingawa Baba alikuwa amekwisha aga. Bado najiuliza kama nilimdanganya. Nadhani kule juu nililia kwa upepo tu. Sina hakika, na kwa habari za upepo mimi si mtu wa kuaminiwa.